Kleist: Safari ya Jina la Ukoo kutoka Pomerania hadi Kariakoo

Majina mengi ya mahali katika kitovu cha Dar es Salaam hujieleza yenyewe kwa msikilizaji wa Kiswahili. Mchikichini ni mahali penye mchikichi, mti uzaao mawese, na kiambishi cha mahali kimekamilisha kazi yote. Mnazi Mmoja hauhitaji mfasiri. Hata Kariakoo, ambalo kwa asili si neno la Kiswahili, limekwisha kuzoeleka kiasi kwamba mgeni hulazimika kuelezwa chimbuko lake: Wajerumani walijenga hapo jengo la soko karibu na mwaka 1914, vita vikaanza, na Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916 wakaligeuza eneo hilo kuwa kambi ya wapagazi wao. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji waliyasikia maneno hayo mawili kwa sikio, wala si kwa kuyasoma, wakayatia vokali, wakayapa mkazo wa Kiswahili, na ikazaliwa Kariakoo.

Anayetoka Mchikichini na kuingia katika mitaa ya Kariakoo atakutana na jina jingine ambalo halikufuata njia hiyo. Mtaa uliokuwa ukiitwa Kipata leo una jina la Kleist Sykes. Hapa msikilizaji wa Kiswahili hana pa kushika. Hakuna mti, hakuna mnazi, hakuna kiambishi. Ni majina mawili ya ukoo ya Ulaya, moja la Kijerumani na jingine la Kiingereza, yaliyounganishwa kumtaja Mwafrika mmoja aliyezaliwa Pangani mwaka 1894 na kufariki Dar es Salaam mwaka 1949. Swali linalojadiliwa hapa ni la isimu na la historia kwa pamoja: jina la ukoo wa makabaila wa Prussia, ambalo hata kwao si la kawaida, limefikaje katika mtaa wa Kariakoo, na lilipofika, lilibadilika kuwa nini?

Ukoo wa Pomerania

Kleist ni jina la ukoo wa kikabaila wa Pomerania, nchi iliyo katika pwani ya kusini ya Bahari ya Baltiki, ambako Wajerumani na Waslavoni waliishi wakichanganyika kwa karne nyingi. Ukoo huo unatajwa katika hati tangu karne ya 13. Kwa desturi ya makabaila wa Kijerumani, jina hutanguliwa na neno von, ambalo maana yake ya msingi ni "wa kutoka", na ambalo baadaye lilibaki kuwa alama ya daraja tu. Tofauti na Müller, Schmidt au Schneider, majina yaliyotokana na kazi za watu na kuenea katika kila kijiji cha Ujerumani, Kleist lilibaki jina la watu wachache wanaojuana kwa nasaba. Uchache wake ulikuwa ndiyo heshima yake.

Kazi kubwa ya ukoo huo ilikuwa jeshi. Friedrich Kleist von Nollendorf, aliyepigana na majeshi ya Napoleon, alipandishwa hadi cheo cha jemadari mkuu, na mtaa mmoja mkubwa wa Berlin, Kleiststraße, unamkumbuka yeye. Hata hivyo, aliyelifanya jina hili lijulikane nje ya kambi za jeshi ni Heinrich von Kleist, aliyezaliwa mwaka 1777, akaacha uaskari akiwa kijana, akawa mtunzi wa tamthilia na hadithi, na akajiua karibu na Berlin mwaka 1811. Miongoni mwa hadithi zake imo moja inayohusu mapinduzi ya watumwa weusi wa Haiti, jambo ambalo waandishi wachache wa Kijerumani wa wakati wake walithubutu kuligusa. Yupo pia Ewald Jürgen von Kleist, aliyegundua mwaka 1745 chupa yenye uwezo wa kuhifadhi umeme. Wajerumani waliiita chupa ya Kleist, lakini dunia ikapendelea kuiita kwa jina la mji wa Leiden huko Uholanzi, ambako ugunduzi kama huo ulifanyika wakati uleule. Si kila jina hupata bahati ya kubaki juu ya kitu chake.

Ukoo huo ulifika karne ya 20 ukiwa bado na askari wengi, na karne hiyo haikuwa njema kwao. Baada ya mwaka 1945 sehemu kubwa ya Pomerania iliingia Poland, na wenye mashamba wakatawanyika. Ewald von Kleist, jemadari mkuu wa jeshi la Hitler, alifia katika gereza la Kisovieti mwaka 1954. Mwaka huo utatajwa tena, kwa sababu tofauti kabisa.

Jina katika kambi ya askari

Njia ya jina hili kuja Afrika Mashariki ilikuwa njia ya bunduki. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuyazima mapigano ya pwani yaliyoongozwa na Abushiri bin Salim. Wissmann hakuwa na Wajerumani wa kutosha, naye hakutaka kuwategemea watu wa pwani ambao ndio aliokuja kupigana nao. Kwa hiyo aliajiri Wasudani kutoka Misri, na watu wa kusini ya Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, ingawa wengi wao walikuwa Washangaan. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1891 jeshi hilo la kukodi likafanywa rasmi kuwa jeshi la koloni, na askari wake wakapelekwa bara kupigana na Wahehe wa Mkwawa.

Miongoni mwa askari hao wa kusini alikuwamo Sykes Mbuwane, aliyetoka kijiji cha Kwa Likunyi katika upande wa Inhambane. Kwa mujibu wa historia ya ukoo wake, alikufa maji mtoni alipokuwa akirejea kutoka vita vya Uhehe. Mwanawe aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, mwaka uleule ambao ngome ya Mkwawa ya Kalenga ilianguka, akalelewa na mkubwa wa askari hao, Affande Plantan. Mtoto huyo ndiye aliyeitwa Kleist.

Inafaa kutua kidogo juu ya malezi hayo, kwa sababu bila ya kuyaelewa, jina lenyewe litaonekana kichekesho. Kambi ya askari wa Kijerumani ilikuwa mji mdogo ndani ya mji. Walikuwamo wake, watoto, watumishi na jamaa. Walikuwamo watu wa lugha nyingi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na amri za gwaride zilikuwa za Kijerumani. Watoto waliokulia humo hawakuwa na kijiji cha babu cha kurudia. Kwao kabila lilikuwa habari iliyosimuliwa na wazee, lakini kambi ilikuwa kitu walichokiona kila siku. Katika mazingira hayo majina ya Wazungu yalikuwa majina ya watu wenye amri, na kumpa mtoto jina la namna hiyo hakukuwa na maana ya kumfanya Mjerumani, kama vile mzazi wa pwani anayemwita mwanawe Sultani hamfanyi kuwa mfalme.

Kleist hakuwa peke yake. Katika nyumba ya Plantan alikuwamo pia kijana aliyeitwa Schneider, ambaye baadaye, kwa jina la Schneider Plantan, alikuwa mmoja wa wanaharakati waliojulikana sana katika siasa za Dar es Salaam. Schneider maana yake ni mshonaji wa nguo, na ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea mno Ujerumani. Huko, fundi cherehani na kabaila wa Pomerania wasingekula sahani moja. Katika nyumba moja ya askari wa Kiafrika majina yao yaliishi kama ndugu, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa ngazi za kikabaila zilizoyatenga huko kwao hazikupanda meli pamoja nayo. Hata neno von halikuja.

Sikio na kalamu

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulitazama jina hili. Kiswahili kilichukua maneno machache kutoka Kijerumani, na yaliyobaki yamevaa mavazi ya Kiswahili kamili. Schule ikawa shule, na Heller, sarafu ndogo ya koloni, ikawa hela. Silabi ya mwisho ya neno hilo la pili, ambayo Mjerumani huitamka karibu na a, ikawa a kweli. Kwa kanuni hiyohiyo Schneider lingefaa kuandikwa Shinaida, na Kleist, ambalo Wajerumani hulitamka Klaist, lingekuwa Kilaisti, kama ambavyo klabu ina mwenzake kilabu, na kama ambavyo t ya mwisho wa neno la kigeni hudai vokali ya kuegemea.

Lakini halikuandikwa hivyo. Herufi za Kipomerania zimebaki zilezile kwa zaidi ya miaka 100, na zimebandikwa hivyo juu ya kibao cha mtaa. Sababu yake si ugumu wa jina, maana Carrier Corps si rahisi kulitamka kuliko Kleist. Sababu ni kwamba Kariakoo ni jina lililopita katika masikio ya umma kabla ya kufika kwenye karatasi, ilhali Kleist ni jina la mtu aliyejua kusoma na kuandika, ambaye alilitia saini yake mwenyewe katika ofisi tangu ujana. Kleist alisoma katika shule ya Kijerumani, akakijua Kijerumani vizuri, akaingia jeshini, na katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 alikuwa upande wa Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walipotawala, alipata kazi katika shirika la reli. Jina lenye kuandikwa kila siku kwenye daftari la mshahara halipati nafasi ya kubadilika. Tofauti hiyo ya sikio na kalamu hueleza mengi katika msamiati wa mijini: majina ya mahali huwa ya wote, na wote huyachonga, jina la mtu lina mlinzi, na mlinzi huyo ni mwenye jina.

Majina mawili yabadilishana viti

Mabadiliko makubwa hayakuwa ya sauti. Yalikuwa ya nafasi. Kwa desturi ya pwani mtu hutajwa kwa jina lake, kisha bin, kisha jina la baba, na pakihitajika jina la babu. Mnyororo huo husogea kila kizazi: jina la babu hudondoka nyuma kadiri jina la mjukuu linavyoingia mbele. Laqabu za koo kubwa za pwani zimekuwapo tangu zamani, ni kweli, lakini mtu wa kawaida hakuwa na jina lisilobadilika la kuwafunga watu wa vizazi vyote pamoja. Kinachoitwa ubini katika kamusi za leo kimeshikilia bado maana zote mbili, jina la baba na jina la ukoo, na utata huo haukutokana na uzembe wa watunga kamusi. Ni historia iliyoachwa ndani ya neno.

Kwa hesabu hiyo, mtoto wa Pangani alikuwa Kleist bin Sykes. Katika jina hilo Kleist, ambalo Ulaya ni jina la ukoo, limekuwa jina la mtu. Sykes, ambalo Uingereza pia ni jina la ukoo, nalo ni jina la mtu, yaani la baba yake. Jina hilo la pili ni la watu wa Yorkshire, na asili yake ni neno la kale lenye maana ya kijito. Kwa mtu aliyezama mtoni, msomaji anaweza kuona mzaha mchungu wa bahati. Wana wa Kleist walikuwa Abdulwahid, Ally na Abbas. Kama desturi ya pwani ingefuatwa bila kukengeuka, mjukuu angetajwa kwa jina lake, la baba yake na la Kleist, na Sykes lingeanza kusahaulika. Haikuwa hivyo. Sykes lilisimama mahali pake, likakataa kusogea, likawa jina la ukoo kwa mara ya pili katika maisha yake, safari hii katika ardhi ya Waswahili.

Kilicholisimamisha ni mambo mawili. La kwanza ni ofisi. Utawala wa kikoloni, shule, jeshi na reli vilidai jina la mwisho lisilobadilika, na familia iliyoishi kwa kazi za ofisi ilijifunza mapema kulitoa. La pili lina uzito zaidi. Watu waliokatwa na kijiji cha mababu walihitaji babu wa kuanzia hesabu, na Sykes Mbuwane, aliyekuja kwa meli na kufa ugenini, ndiye aliyekuwa babu huyo. Ukoo wenye miaka 500 katika kijiji kimoja hauna haja ya kuandika jina la mwasisi wake katika kila hati. Ukoo ulioanza na mtu mmoja unayo.

Kleist nalo halikupotea. Lilirudi kwa njia ya Kiafrika, ile ya mjukuu kurithi jina la babu. Abdulwahid alimwita mwanawe Kleist, na Kleist huyo wa pili alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika Ujerumani Kleist lilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, mfululizo, kama mali ya shamba. Katika Dar es Salaam limeruka kizazi na kumwangukia mjukuu, kama upendo wa babu. Jina ni lilelile. Sheria ya kulirithi ndiyo iliyobadilika, na mabadiliko hayo ndiyo hasa yaliyolifanya kuwa jina la Kiswahili, hata kama herufi zake hazikuguswa.

Mwafrika wa kabila gani?

Jambo hili lisingestahili mjadala mrefu kama lingekuwa habari ya familia moja. Uzito wake umo katika siasa. Utawala wa Kiingereza katika Tanganyika, hasa kuanzia miaka ya 1920, ulijengwa juu ya makabila. Kila Mwafrika alihesabiwa kuwa na kabila, na kila kabila lilipaswa kuwa na mtawala wake wa jadi. Mtu wa Kariakoo aliyezaliwa Pangani kwa baba wa Msumbiji, akalelewa katika kambi ya askari, mwenye jina la Kijerumani na dini ya Kiislamu, hakuwa na safu ya kuandikwa. Kwa macho ya mkuu wa wilaya alikuwa mtu aliyepotea njia. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa na wengi wa namna hiyo: Wanubi, Wamanyema, Wazulu, na watu wa bara waliokwisha kusahau barabara ya kurudia.

Mwaka 1929 baadhi yao waliunda African Association, Chama cha Waafrika. Rais wake alikuwa Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Inasimuliwa kwamba Kleist alipata msukumo kutoka kwa Dr. James Aggrey wa Ghana ya leo, aliyepita Dar es Salaam mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu, na ambaye jina lake nalo limebaki katika mtaa wa Kariakoo. Wanahistoria wameeleza vya kutosha chanzo cha chama hicho. Kilichozungumzwa kidogo ni jina lake. Vyama vingi vya mjini wakati ule vilikuwa vya kabila, vya kuzikana na kusaidiana. Chama kilichoongozwa na Cecil na Kleist kilijiita cha Waafrika, na haielekei kuwa ni sadfa kwamba neno hilo pana lilichaguliwa na watu ambao majina yao wenyewe yalikwisha kutoka nje ya mipaka ya kabila. Asiye na safu katika daftari la mtawala hulazimika kuandika daftari jipya.

Chama hicho kilizaa Tanganyika African Association, na mwaka 1950 Abdulwahid Sykes akawa katibu wake chini ya urais wa Dr. Vedasto Kyaruzi, akikalia kiti ambacho baba yake alikikalia miaka 21 nyuma. Tarehe 7 Julai 1954, katika ofisi ya chama ya New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, TANU iliasisiwa, na Abdulwahid na Ally walikuwamo miongoni mwa waasisi. Wakati huo Abdulwahid alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Ndio mwaka huohuo ambao jemadari wa mwisho wa ukoo wa Kleist wa Pomerania alikuwa akimalizia uhai wake gerezani. Nusu moja ya jina ilikuwa ikifungwa na historia, nyingine ikifungua mlango.

Baada ya uhuru palizuka hoja ambayo haijafa hadi leo: je, Mwafrika huru anastahili kubeba jina la mtawala wake? Mobutu aliijibu kwa amri mwaka 1972, akawalazimisha raia wa Zaire kuyaacha majina yao ya Kizungu. Tanzania haikutoa amri ya namna hiyo, ingawa wako waliobadilisha kwa hiari yao. Hoja ya Zaire ina nguvu yake, lakini inadhania kwamba jina hubaki daima mali ya aliyelitumia kwanza. Kama ingetumika Kariakoo, ingemfuta kwenye kumbukumbu Kleist katibu wa Chama cha Waafrika kwa kosa la makabaila ambao hakuwahi kuwa jamaa yao. Isitoshe, ni vigumu kupata jina mbadala. Wangerudi kwenye Mbuwane? Jina hilo lina haki yake, na wapo wanaolitaja kwa fahari, lakini halikuhudhuria mikutano ya New Street.

Kusahauliwa kwa namna nyingine kulitishia zaidi. Kwa miaka mingi historia iliyofundishwa shuleni ilianza na TANU na Mwalimu Nyerere, na watu wa Kariakoo waliotangulia walitajwa kwa pembeni, kama walitajwa. Marekebisho yalianza ndani ya ukoo wenyewe. Daisy Sykes Buruku, mjukuu wa Kleist, aliandika wasifu wa babu yake uliochapishwa mwaka 1973 katika mkusanyo wa maisha ya Watanzania uliohaririwa na John Iliffe, na jina alilompa lilikuwa na maana ya mtu wa mjini, sifa ambayo mtawala wa Kiingereza angeiona kuwa lawama. Mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha London kitabu chake juu ya maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, kikafasiriwa kwa Kiswahili, na mjadala aliouanzisha juu ya mchango wa Waislamu na wa watu wa mjini katika kupigania uhuru haujatulia. Mtu anaweza kutokubaliana na baadhi ya hitimisho zake. Hawezi tena kuandika historia ya TANU bila majina hayo.

Kuenea na kutoenea

Majina haya mawili hayakuwa na bahati sawa. Sykes, kwa kuwa limekaa mwishoni, huenda na kila mtoto wa ukoo, wa kiume na wa kike, na limefika hata katika jukwaa la muziki wa kizazi kipya kupitia Dully Sykes, ambaye wasikilizaji wake wengi humjua kama msanii kabla ya kujua lolote kuhusu New Street. Kleist limebaki adimu. Majina ya watakatifu na ya mitume yana wadhamini, kwa kuwa kanisa na msikiti huyapeleka kila mahali, na majina kama Juma na Mwajuma hupewa na kalenda. Kleist halina mdhamini ila kumbukumbu ya mtu mmoja. Anayeitwa hivyo Dar es Salaam anaulizwa mara moja ni mtoto wa nani, na jibu linajulikana kabla ya kutolewa. Kwa namna hiyo jina limerudia tabia yake ya Pomerania, yaani uchache unaotambulisha nasaba, isipokuwa nasaba yenyewe ni nyingine.

Mitaa nayo ina la kusema. Sanamu ya Wissmann iliyosimamishwa Dar es Salaam iliondolewa na Waingereza, na mahali pake mwaka 1927 pakawekwa sanamu ya Askari, aliye pale hadi sasa akiielekeza bunduki yake baharini. Ile ya Wissmann ilipelekwa Hamburg, ikasimama mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Huko Berlin, katika eneo la Neukölln, mtaa wa Wissmann ulibadilishwa jina mwaka 2021 na kupewa la Lucy Lameck, mwanasiasa wa TANU aliyezaliwa upande wa Kilimanjaro. Kwa hiyo aliyemleta Mbuwane kutoka Inhambane amepoteza mtaa wake Berlin kwa mwanachama wa chama ambacho wajukuu wa Mbuwane walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kleiststraße ya jemadari wa Prussia ingalipo, safari fupi ya treni ya chini ya ardhi kutoka hapo. Mtaa wa Kleist Sykes nao upo Kariakoo, na wenye maduka yake huandika jina hilo kwenye risiti kila siku, kwa herufi zilezile za Pomerania.